MKOBA WA FUNDI UTANGULIE, MASHINE YA KUCHOMELEA IFUATE



Mhariri wa gazeti letu hili la ukutani amenipa karatasi mbili na kalamu, akanionya nisiandike kwa herufi kubwa kama tangazo la mnada. Nitajaribu. Jambo langu ni moja, nalo litaletwa mkutanoni Jumamosi: ile ziada iliyobaki baada ya malipo ya pamba, fungu la karakana, inunue kitu gani? Kamati inapendekeza mashine ya kuchomelea. Mimi ni mjumbe wa kamati hiyo hiyo, lakini nilinyoosha mkono wa kukataa. Nilikuwa peke yangu, kwa hiyo nimeona nieleze sababu zangu hapa ukutani, mtu azisome wakati anangojea zamu yake ya kusaga.

Sikatai mashine ya kuchomelea, jamani. Nasema isubiri msimu mmoja. Kwanza tununue mkoba wa vifaa ambao fundi ataondoka nao kwenda shambani, kisimani, au popote kilipoharibika kitu. Mashine ya kuchomelea inataka umeme, na umeme wetu unaishia barabarani. Plau haivunjikii barabarani.

Mnakumbuka mvua ya kwanza ya Desemba mwaka jana. Ilinyesha siku mbili, udongo ukalainika, kila mwenye ng'ombe akaingia shamba. Kule bondeni kuna mama mmoja mjane, hana ng'ombe, alikuwa amekodi jozi mbili za kulimia kwa siku tatu. Siku ya kwanza, kabla jua halijawa kali, jembe la plau likalegea, bolti moja ikakatika na ya pili ikawa inazunguka tu. Akatumwa mtoto kumwita fundi. Fundi akaja kwa baiskeli, spana tatu mfukoni na nyundo kwenye kerieni. Bolti zile za plau ni za kichwa bapa, zina shingo ya mraba inayokaa kwenye tundu lake; kutu ikishaila ile shingo, bolti inazunguka pamoja na nati, uikaze utakavyo. Dawa yake ni kuikata kwa msumeno wa chuma au tindo, uweke mpya. Fundi hakuwa na msumeno, hakuwa na tindo, hakuwa na bolti mpya. Akarudi karakanani, kilomita tisa. Mtunza stoo alikuwa amekwenda msibani na ufunguo. Fundi akafika tena bondeni kesho yake saa nane mchana.

Mwenye ng'ombe hakungoja, na simlaumu, alikuwa ameahidi mahali pengine. Yule mama akalima kwa jembe la mkono robo ya alichokusudia, na pamba yake ikapandwa mwezi mzima nyuma ya wenzake. Kazi yenyewe ya kukata bolti na kuweka nyingine ilichukua dakika ishirini.

Fundi huyo nilikuwa mimi. Nalisema mwenyewe nisije nikasemwa.

Sasa watu wanasema: karakana ina vifaa tele, kwa nini ununue spana ya 17 nyingine wakati 17 ipo ukutani pale? Hoja hii ndiyo iliyonishinda kwenye kamati, maana inasikika kama busara ya kuweka akiba. Lakini tuangalie inavyokwenda kazini. Kijana anakuja kuitwa, fundi anakusanya haraka haraka anachodhani kitatakiwa. Anadhani! Hajaona kilichoharibika, ameambiwa tu "plau imekufa" au "pampu haitoi". Anachukua hiki, anaacha kile, na kile alichoacha ndicho kinachotakiwa. Halafu vile alivyochukua vinakosekana karakanani, na aliyebaki pale naye anasimama. Siku moja tumesimamisha kazi mbili kwa spana moja. Mkoba lazima uwe wa peke yake, umejaa saa zote, na mtu wa karakanani asiuguse hata kwa dakika tano. Mtu akiazima tupa kutoka mkobani "mara moja tu", mkoba umekwisha kufa.

Sasa uwe na nini? Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo pesa hupotea.

Wengi wakisikia vifaa wanakimbilia lile sanduku la spana thelathini linalong'aa. Nusu yake hutazifungua maisha yako, na chuma chake ni laini, ukikaza mara mbili mdomo unatanuka. Afadhali chache nzuri. Kwa shughuli zetu hapa nimehesabu 10, 12, 13, 14, 17 na 19. Bolti ya unene wa milimita 8 kwa kawaida inashikwa na spana ya 13, ya milimita 10 na ya 17, ya milimita 12 na ya 19. Pikipiki nyingi za mtindo wa Kijapani zinataka 12 na 14 mahali hapo, ndiyo maana zimo. Na hizi 13 na 17 ziwe mbili mbili. Kwa nini? Kwa sababu bolti na nati yake huzunguka pamoja, moja ushike kwa mkono huu, nyingine kwa mkono ule. Nimeona mafundi wazima wanashikilia kichwa cha bolti kwa plaisi mpaka pembe zote zimeliwa, kwa kukosa spana ya pili.

Ile injini ya zamani ya kuvutia maji bustanini ni ya Kiingereza, vipimo vyake ni vya inchi. Msinunue spana za inchi kwa ajili yake tu. Nati ya robo tatu inashikwa vizuri na 19, tofauti yake huioni kwa jicho. Nati ya nusu inchi inakubali 13, lakini inacheza kidogo, kwa hiyo tumia spana ringi inayoikumbatia pande zote, na usiivute kwa hasira. Palipobaki itumike spana moja ya kurekebisha, ile ambayo vijana wameipa jina nisiloweza kuliandika ukutani watoto wakisoma. Iwe ya mwisho kutumika, kwani ndiyo inayoharibu nati nyingi kuliko kutu.

Baada ya spana kuna nyundo ya wastani, tindo, tupa moja bapa, plaisi, bisibisi mbili, bapa na nyota. Msumeno wa chuma, na vipande vya akiba visipungue vitatu, maana huvunjika. Kipande cha meno 24 kwa inchi kinatosha kazi nyingi. Bati jembamba linataka meno 32, kwani yakipungua meno matatu juu ya chuma, yanang'ata na kukatika. Meno yaelekee mbele. Mnacheka, lakini nimekuta yameelekezwa nyuma mara nyingi tu. Kuwe na miwani ya kukinga macho kwa ajili ya tindo, na tindo lenyewe likishachanua kichwa kama uyoga litupiwe tupa kabla halijarusha kipande cha chuma usoni mwa mtu.

Kwa baiskeli na pikipiki: vyuma viwili vya kung'olea tairi, viraka, gundi, msasa, bomba la kujazia upepo, spana ya plagi. Hapo sina maneno mengi, kila mtu anajua.

Lakini kinachookoa siku mara nyingi si spana. Ni lile kopo la vitu vidogo: bolti na nati na washa za milimita 6, 8, 10 na 12, zile bolti za plau nilizosema, pini, misumari. Waya laini wa kufungia. Mkanda wa mpira uliokatwa kutoka tyubu mbovu, mrefu kama mita mbili. Huo unafunga bomba linalovuja, unashika mpini uliopasuka, unakuwa washa. Chupa ndogo ya oili, na nyingine ya mafuta ya taa ya kuloweshea kutu. Na vitambaa safi ndani ya mfuko wao. Injini ya dizeli ikiingia hewa baada ya kuishiwa mafuta, kuitoa ile hewa ni kazi ya spana moja na kitambaa kisafi. Lakini ukifuta kwa shati lenye mchanga, umeupeleka mchanga kwenye nozeli, na hapo mtauza mbuzi.

Nije kwenye pampu ya kisima cha bondeni, maana akina mama wananiuliza. Pampu yetu ni aina ya Afridev. Aina hii ilitengenezwa na kujaribiwa miaka ya 1980, Malawi na huko Kwale, pwani ya Kenya, kwa nia hiyo hiyo ninayoisema: kijiji chenyewe kiweze kuifungua bila kungoja gari la wataalamu. Ndiyo maana inafunguliwa kwa spana moja, fimbo zake zinaunganishwa kwa ndoano bila spana yoyote, bomba kubwa la plastiki linabaki kisimani, na valvu ya chini inavuliwa kwa chuma chake maalumu kama mtu anavyovua samaki. Vitu viwili tu! Na vitu viwili hivyo viko wapi? Spana ipo karakanani, imechanganyika na vyuma vya trela. Chuma cha kuvulia valvu alikuwa nacho mjumbe wa zamani wa kamati ya maji, ambaye amehama. Watu waliichora pampu ikae kijijini, sisi tumetawanya funguo zake. Mwezi Machi kisima kilikaa siku nne kimefungwa kwa sababu ya mpira mmoja wa pistoni, na watu wakanywa maji ya lambo pamoja na ng'ombe. Mkobani iwemo spana hiyo, chuma hicho, mipira miwili ya pistoni na bushi za akiba.

Nimesikia pia hoja ya wizi. "Ukimpa fundi mkoba, baada ya mwaka utarudi mfuko mtupu." Ndugu zangu, mimi nimepoteza plaisi ya ushirika mwaka 2016 na kuilipa kwa debe la mahindi. Haikuibwa. Niliiweka kwenye majani, nikafunga kazi gizani, nikaondoka. Vifaa vingi havipotei mikononi mwa wezi, vinapotea kwenye majani na kwenye matope. Kwa hiyo mkoba usiwe gunia la kutumbukiza kila kitu. Uwe turubai lenye mifuko iliyoshonwa, kila chombo na mfuko wake, na umbo lake limechorwa kwa rangi juu yake. Kabla ya kukunja unatazama: mfuko ulio wazi unakuambia wenyewe kilichobaki majanini. Mipini ipakwe rangi nyekundu, si kijani, si kahawia. Kuwe na daftari, atakayeutoa aandike, atakayeupokea ahesabu mbele yake. Na ufunguo uwe kwa watu wawili wanaokaa mbalimbali, misiba haituombi ruhusa.

Wazo la kupanga vifaa kwa kazi si langu. Lile shirika la Uingereza, Tools for Self Reliance, lililoanzishwa 1979, lilikusanya zana kuukuu, likazinoa, likazileta Afrika, Tanzania ikiwamo, zikiwa zimepangwa seti ya seremala, seti ya mhunzi, na kadhalika. Waliona kwamba zana moja moja hazimfanyi mtu fundi. Randa bila msumeno ni pambo.

Uzito nao. Nilikusanya vitu hivi, vingine vya kuazima, nikaviweka kwenye mizani yetu ya pamba mbele ya karani: kilo tisa na kidogo. Vinakaa kwenye kerieni, na mtu mwenye afya anavibeba begani mpaka bondeni akipumzika mara moja. Nilitaka kuongeza jeki na nyundo kubwa, nikaviacha. Mkoba mzito utaachwa nyumbani, halafu tumerudi kule kule kwenye spana tatu mfukoni.

Bei niliyoulizia mjini, duka tatu tofauti, haifiki nusu ya bei ya mashine ya kuchomelea ya kamati. Karatasi ya bei nimeibandika hapa chini, kushoto. Anayeona nimekosea hesabu aandike pembeni kwa kalamu.

Mwenyekiti ananiambia mashine ya kuchomelea italeta fedha, watu wa vijiji vya jirani watakuja na mageti yao na trela zao. Ni kweli, na nitafurahi. Lakini mwanachama wa bondeni anakatwa ushuru ule ule anaokatwa wa barabarani, kilo kwa kilo. Geti la jirani linaweza kungoja wiki. Mvua ya kwanza haingoji, na Novemba iko karibu.

Turubai nimekwisha kulishona kwa pesa yangu, kutoka kipande cha hema kuukuu. Liko dukani mwa ushirika, limetundikwa nyuma ya kaunta, mifuko yote ni mitupu. Njooni mlione kabla ya Jumamosi. Na aliye na habari za kile chuma cha kuvulia valvu, anione mimi au mama mwenyekiti wa kamati ya maji. Hatutauliza kilikuwa wapi.

Mjumbe wa Karakana