Masanamu ya 'Ain Ghazal: usiseme usilolijua



Ndugu yangu Muislamu, mwaka 1983 huko 'Ain Ghazal, pembezoni mwa mji wa Amman, Jordan, yalifukuliwa masanamu ya watu yenye umri wa takriban miaka 9,000. Yote yaliyopatikana hapo yanazidi 30: chokaa iliyokandikwa juu ya matete, macho yamezungushiwa lami, mengine yana vichwa viwili. Wenyewe waliyazika mashimoni, chini ya sakafu za nyumba zilizohamwa.

Ukiona picha zake, usikimbilie kuandika "hii ndiyo miungu ya kaumu fulani" kisha ukasambaza. Yaliabudiwa? Au yalikuwa ya kuwakumbuka wafu wao? Hata wataalamu wanakisia, maana watu wale hawakuacha maandishi. Hukumu ya kuabudu sanamu tunaijua, haina mjadala. Lakini kumshuhudilia mtu usiyemjua kuwa aliabudu sanamu ni ushahidi bila elimu, na utaulizwa juu yake.

Macho yale ya lami yalikaa wazi udongoni miaka yote hiyo yasione kitu. Wewe umepewa macho na akili. Zingatia kabla hujabonyeza kusambaza.

Wallahu a'lam.