Pointi Tano za Kiti Kitupu

Wiki tatu kabla ya mashindano nilikuwa na orodha ya wachezaji 32 mbele yangu. Nambari tamu sana hiyo. Ukiwa na watu 32 na raundi tano, kwa mfumo wa Uswisi, ambao humkutanisha kila mchezaji na mwenzake mwenye pointi sawa au karibu sawa, hakuna anayekaa bure, na mwisho wa siku hawezi kubaki zaidi ya mtu mmoja aliyeshinda michezo yote. Waandaaji huomba Mungu wapate nambari kama hiyo. Mimi niliipata, kisha nikaiharibu kwa mkono wangu.

Jina nililolifuta lilikuwa la msichana wa miaka 13. Aliyemwandikisha ni mtoto wa mwanadiplomasia mmoja, mvulana wa rika lake, na pale fomu ilipouliza uhusiano wa mchezaji na familia alijaza neno moja tu: nyumbani. Babake msichana ni dereva wa familia hiyo. Wanaishi SQ, nyuma ya nyumba kubwa, huko Runda. Kamati iliniandikia kwa ufupi kwamba mashindano ni ya wanadiplomasia na familia zao, tafadhali nirekebishe orodha. Nikarekebisha. Sikuuliza swali hata moja. Nilikuwa mwamuzi mkuu, na kifungu chenyewe, cha pili katika kanuni, nilikuwa nimekiandika mimi.

Nasema haya sasa kwa sababu wamenipigia simu tena. Wanataka mashindano mengine Julai, na rasimu ya kanuni waliyonitumia ina kifungu kile kile, neno kwa neno, maneno yangu.

Acha nieleze nilivyokipata, maana siku ile nilijiona mjanja. Nilifungua Mkataba wa Vienna wa 1961 kuhusu uhusiano wa kidiplomasia. Kifungu cha 37 kinataja watu wa familia ya mwanadiplomasia walio sehemu ya nyumba yake. Nikaona hapo ndipo pa kuazima, wakubwa watafurahi. Sikujiuliza kifungu kile kina kazi gani. Kinaamua nani ana kinga: nani asikamatwe, nani asishtakiwe, nani asitozwe kodi fulani katika nchi aliyopelekwa. Hakikuandikwa ili kuamua nani aruhusiwe kusogeza farasi kwenye ubao. Na hata mkataba wenyewe haujasahau wafanyakazi wa nyumbani: kifungu cha kwanza kabisa kinawataja na kueleza ni akina nani. Waliokaa Vienna waliona kwamba ndani ya nyumba ya balozi kuna watu wengine. Mimi wa Nairobi, ninayepanda matatu moja na watu hao kila asubuhi kwenye barabara ya Limuru, sikuwaona.

Basi siku ikafika, Jumamosi iliyo karibu na 20 Julai. Tarehe hiyo haikuchaguliwa hivi hivi. Shirikisho la kimataifa la sataranji, FIDE, lilianzishwa Paris tarehe 20 Julai 1924, na mwaka 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likaitangaza kuwa Siku ya Sataranji Duniani. (Nairobi hatusemi sataranji, tunasema chesi, lakini kwenye bango iliandikwa sataranji na wageni wakaipenda.) Kaulimbiu ya FIDE ni ya Kilatini, Gens una sumus, yaani sisi ni ukoo mmoja. Iliandikwa kwa herufi kubwa ukutani, nyuma ya meza yangu. Nilikaa chini yake siku nzima.

Tulikuwa 31. Anayejua kazi hii anajua maana yake: kila raundi mtu mmoja anakosa mwenzake, anapewa pointi nzima bila kucheza. Raundi ya kwanza iliangukia mke wa afisa mmoja, mama aliyejifunza chesi miezi michache tu iliyopita na aliyekuja akitetemeka kwa hamu. Alikaa na kikombe cha chai akiangalia wengine. Tulikuwa tumeweka dakika 10 kwa kila mchezaji na sekunde 5 za nyongeza kwa kila hatua, kwa hiyo mchezo wa hatua 60 unaweza kufika nusu saa. Nusu saa nzima mama wa watu anatazama saa ya mchezo iliyozimwa. Raundi ya pili akawa mtoto wa miaka minane, ambaye alilia. Hivyo hivyo mpaka ya tano. Pointi tano nikazigawa kwa mkono wangu, na zote zilitoka kwa kiti kitupu.

Mwenye kiti alikuwa parking. Hakuna mtu aliyekuwa amemwambia. Alikuja na babake kwenye gari la CD pamoja na familia, nywele zimesukwa vizuri, na kabla ya raundi ya kwanza akasimama mbele ya orodha iliyobandikwa mlangoni. Akaisoma mara mbili, kidole kikishuka jina kwa jina. Kisha akaja mezani.

"Mwalimu, shikamoo. Mbona sioni jina langu?"

Nikamwambia kulikuwa na shida ya nambari. Ndivyo nilivyosema, bila aibu. Nambari ilikuwa sawasawa hadi nilipomfuta yeye.

"Sawa, Mwalimu," akasema, akaondoka. Baadaye nilipotoka kuvuta hewa nilimkuta chini ya mti akicheza drafti ya visoda na madereva. Babake aliponiona alisimama akaniamkia kwa heshima, na hiyo ndiyo iliyonimaliza kabisa.

Nimesikia utetezi wa kamati, maana baada ya siku ile niliuliza. Wa kwanza ni usalama. Usalama gani, jamani? Msichana alikuwa ameshapita geti. Soja alipitisha kioo chini ya gari lao kama alivyopitisha chini ya magari yote. Anaishi boma moja na mwanadiplomasia, na babake ndiye anayeendesha gari lenye watoto wa mwanadiplomasia ndani yake. Mtu anayeaminiwa na roho za watoto wako haaminiki na kete za mbao?

Wa pili ati vijana wa mitaani wana chesi yao, kuna vilabu, kuna watoto wanaofundishwa Kibera na Mukuru, wacha aende huko. Ni kweli vipo, na mimi nafundisha katika kimojawapo, na saa za mchezo zilizotumika siku ile ziliazimwa huko huko. Lakini huyu hakuomba kilabu. Alialikwa na rafiki yake, ambaye hucheza naye barazani karibu kila jioni. Mvulana mwenyewe aliniambia, mdomo umemvimba kwa hasira, kwamba ufunguzi wote anaoujua alifundishwa naye. Alimaliza wa tatu, akapigwa picha na kikombe.

Wa tatu ndio unaoniudhi zaidi kwa sababu umevaa nguo ya huruma: kwamba msichana angejisikia vibaya miongoni mwa wakubwa. Kwani parking alijisikia vizuri?

Na wasiniambie itifaki haikubali cheo kuguswa. Afisa mmoja wa itifaki alitaka meza zipangwe kwa utangulizi wa mabalozi, yaani kwa tarehe walizoanza kazi nchini, kama kifungu cha 16 cha mkataba ule ule kinavyowapanga katika hafla za serikali. Nikamweleza kwamba chesi hupanga meza kwa pointi. Alinung'unika kidogo, akakubali. Raundi ya tatu mheshimiwa mmoja alikuwa meza ya mwisho akipigwa na msichana wa miaka tisa, akacheka mpaka akatoa kitambaa, akaomba wapigwe picha. Kumbe wanaweza. Wakiwa wao kwa wao wanaruhusu ubao uwapindue wanavyotaka, na wanalipenda hilo, ndilo lililowaleta. Wanachokataa ni kupinduliwa na mtu wa SQ, na hawakusema hivyo kwa sababu hakuna aliyewalazimisha kusema. Mimi niliwaandikia kifungu wakajificha nyuma yake.

Kuhusu malipo yangu sina maneno mengi. Nilipewa tisheti na sahani ya samosa, na nikaambiwa ni nafasi nzuri ya kujulikana. Samosa zilikuwa nzuri.

Sisemi mashindano haya yafungwe. Yana faida. Nimeona watu ambao serikali zao hazisalimiani wakisalimiana kwa mkono juu ya ubao, kisha wakabaki wamekaa wakionyeshana hatua walizokosea. Nafasi kama hiyo ni adimu hata Gigiri, pamoja na wingi wa mikutano yake. Sitaki kuiua. Nataka mlango ufunguliwe upana wa nyumba, basi. Rasimu nimeirudisha na kifungu cha pili kimebadilishwa: wanaruhusiwa wanadiplomasia, na kila mtu anayeishi au kufanya kazi katika nyumba zao, pamoja na watoto wake. Dereva akitaka kucheza, acheze. Yaya akitaka, acheze, na siku hiyo baba mwenye nyumba amshike mtoto.

Jibu limekuja juzi: tutalijadili. Nimekaa Nairobi miaka mingi ya kutosha kulijua neno hilo.

Nilimtafuta dereva nikamwomba msamaha, na nikaomba ruhusa yake kuandika haya bila majina. Alisema, "Si kitu, Mwalimu, ni watoto tu." Kisha akauliza kama kilabu chetu kinafunguliwa Jumapili. Nikamwambia saa nane mchana. Bintiye amekuja Jumapili mbili sasa, na mvulana amekuja naye mara moja, kwa matatu, nadhani kwao wanajua.

Saa za mchezo ni 16. Mbao 16, wachezaji 32. Siku ile tulitumia 15 na moja haikutoka kwenye boksi. Kilabu kimeniachia niamue ziazimwe au zisiazimwe, na kwa sasa zote ziko chini ya kitanda changu. Zitakaa hapo mpaka nione kifungu cha pili kimepigwa chapa.