Leseni za kompyuta zilizotumika zikaguliwe kabla ya malipo



Shule na ofisi za Tukuyu na wilaya nzima ya Rungwe zinaponunua kompyuta zilizotumika, hazina budi kukagua uhalali wa leseni ya mfumo endeshi, kwa kuwa stika iliyobandikwa kwenye mashine huweza kuhamishwa au kughushiwa.

Katika kompyuta zilizouzwa zikiwa na Windows Vista au Windows 7, watengenezaji wakubwa waliweka ndani ya programu dhibiti, yaani programu inayokaa kwenye chipu ya ubao mama na kuiwasha mashine, jedwali liitwalo SLIC, lenye utambulisho wa mtengenezaji na ufunguo wa umma, ambao ni namba ndefu ya kuthibitishia sahihi ya kidijitali. Cheti cha leseni, ambacho ni faili lililosainiwa kwa ajili ya mtengenezaji huyo, hukubaliwa pale tu kinapolingana na jedwali hilo. Hivyo cheti cha Dell hakiwezi kuhalalisha mashine ya HP. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, jedwali jingine la programu dhibiti, liitwalo MSDM, hubeba ufunguo wa leseni wa pekee wa mashine husika.

Hata hivyo, kwa kuwa wapo wanaoghushi jedwali lenyewe, ulinganifu huo uambatane na risiti halali. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta, na fedha za umma hazistahili kununua mali yenye shaka. Kwa hiyo kamati za mapokezi ziufanye ukaguzi huu kuwa sharti la malipo.

Msomaji,
Tukuyu, Rungwe