Robo ya Mwaka ni ya Nani?

Juma hili twataka kulipima neno moja dogo linalosikika sana katika mji wa Kolwezi na migodi yake. Neno hilo ni robo. Hatusemi robo ya saa, wala robo ya kilo ya sukari, bali robo ya mwaka. Kampuni ya Glencore, yenye makao makuu Baar huko Uswisi, na ile ya Ivanhoe Mines ya Kanada, hutangaza hesabu za migodi yao ya huku robo kwa robo: tani kadha za shaba robo ya kwanza, tani kadha robo ya pili. Redio hulipokea neno hilo, vijana hulisoma katika simu zao, na jioni akina baba hulijadili mbele ya nyumba. Kila mmoja adhani ameelewa, kwa kuwa robo twaijua tangu utoto. Hapo ndipo penye hatari. Neno geni huulizwa maana yake, lakini neno tulilolizoea huingia bila hodi.

Kwanza tutazame asili yake. Wenye biashara hutumia neno la Kiingereza, quarter, nalo latoka katika Kilatini quartus, maana yake "wa nne". Wafaransa walilifanya quartier, nasi huku Kongo twaita kartie sehemu ya mji tunamokaa. Lakini Mfaransa akitaja kipindi hicho cha mwaka hasemi quartier, husema trimestre, yaani miezi mitatu. Wala wanafunzi wasilichanganye na neno kwota, ambalo limevuma sana tangu mwaka 2025. Hilo latoka katika Kilatini quota, ambalo ni swali: "sehemu ya kiasi gani?" Robo ya mwaka hupima wakati, kwota hupima mzigo.

Zamani huko Uingereza mwaka uligawanywa kwa sikukuu nne: Kupashwa Habari Bikira Maria tarehe 25 Machi, Mtakatifu Yohane Mbatizaji tarehe 24 Juni, Malaika Mkuu Mikaeli tarehe 29 Septemba, na Noeli tarehe 25 Desemba. Siku hizo wapangaji walilipa kodi zao, na watumishi waliandikwa kazi. Basi robo ilikuwa siku ya kulipana. Nasi tusiwacheke. Katika Kiswahili cha Kongo Jumamosi yaitwa siku ya posho, jina lililobaki tangu nyakati wafanyakazi walipopimiwa chakula chao cha juma. Mara nyingi anayelipa ndiye aupaye wakati jina.

Kwa hiyo mtu akikutajia robo, swali la kwanza ni hili: robo ya nani? Serikali ya Kongo huanza mwaka wake wa fedha tarehe 1 Januari, na kampuni hizo mbili hali kadhalika. Robo ya kwanza kwao ni Januari, Februari na Machi. Lakini serikali za Tanzania, Kenya na Uganda huanza mwaka wa fedha tarehe 1 Julai. Kwao robo ya kwanza ni Julai hadi Septemba. Lori la shaba likitoka Kolwezi mwezi wa Oktoba, huondoka katika robo ya nne. Likifika bandari ya Dar es Salaam mwezi huo huo, hukuta daftari za serikali ziko katika robo ya pili. Wala dereva hakurudi nyuma hata siku moja.

Shuleni nako kuna mtego wake. Mwaka wa masomo huanza Septemba, na shule ya msingi ina trimestri tatu, siyo nne. Ndugu mkubwa aliye sekondari hana trimestri, ana semestri mbili. Baba atokaye mgodini akisema "robo ya kwanza", afikiri juu ya Januari hadi Machi. Mtoto mwenye karatasi ya maksi ya "trimestri ya kwanza" afikiri juu ya miezi inayoishia Noeli. Ahadi ya viatu na madaftari ikitolewa kwa maneno hayo mawili, yaweza kuzaa machozi katika nyumba moja, na hakuna aliyesema uongo.

Tazameni sasa mambo ya kobalti. Kongo hutoa zaidi ya theluthi mbili za kobalti ya dunia, na bei yake ilikuwa imeanguka sana. Tarehe 22 Februari 2025 ilikatazwa kupelekwa nje kwa muda wa miezi minne. Mwezi wa Juni ikaongezwa miezi mitatu. Mwezi wa Septemba ARECOMS, mamlaka isimamiayo soko la madini hayo, ilitangaza kwamba katazo litadumu hadi tarehe 15 Oktoba, na kuanzia tarehe 16 kwota zitatumika: tani 3,625 kwa Oktoba, tani 7,250 kwa Novemba, na tani 7,250 kwa Desemba, jumla tani 18,125. Kwa mwaka 2026 na mwaka 2027 zilipangwa tani 96,600 kila mwaka.

Angalieni vizuri. Katazo lilianza ndani ya robo moja na likaisha ndani ya robo nyingine. Tuseme mwenye duka alisikia tu kwamba mizigo itatoka "robo ya nne", akamwahidi mdai wake kumlipa tarehe 1 Oktoba. Alikuwa na siku 15 za aibu mbele yake, na Oktoba yenyewe ilipimiwa nusu tu ya mzigo wa Novemba. Tena lililokatazwa ni kuvusha mpaka, si kuchimba. Hesabu ya tani zilizotolewa mgodini yaweza kupanda katika robo ambayo malori yamelala. Kuchimba si kuuza, na kuuza si kulipwa.

Hata robo zenyewe hazilingani. Katika mwaka wa siku 365, ya kwanza ina siku 90, ya pili 91, ya tatu 92 na ya nne 92. Tena kwetu Lualaba mvua hunyesha karibu tangu Oktoba au Novemba hadi Aprili, na shimo la wazi lenye matope si sawa na shimo kavu la Julai. Mwenye busara hailinganishi robo ya kwanza na ya tatu peke yake, bali huiweka kando ya robo ya kwanza ya mwaka uliotangulia.

Je, tulitupe neno hili? Hapana. Ofisini lafaa sana kwa kukusanya hesabu nyingi mahali pamoja. Lakini katika mkataba wa kazi, barua ya deni, mapatano ya kodi ya nyumba, hata daftari la chama cha akiba, yatupasa kuandika miezi na tarehe. "Tangu tarehe 1 Januari hadi tarehe 31 Machi" haimalizi wino, na mbele ya wazee haihitaji mkalimani. Na kama ameandika mwingine, kabla ya kutia sahihi tumwulize mambo matatu: robo hii ni ya nani, yaanza mwezi gani, na fedha zitalipwa siku gani baada ya kuisha kwake? Hakuna aibu katika kuuliza. Wahenga walikwisha kusema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Nanyi wanafunzi, wasaidieni wazazi. Chukueni kalenda iliyotundikwa ukutani, mpige mstari mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba kwa rangi moja, na mwisho wa kila trimestri ya shule kwa rangi nyingine. Mama akiitazama ataona mwenyewe ni miezi gani mistari hiyo haikutani, naye atajua mapema wapi pa kuweka akiba.