Mbwa Hana Kura

Karanga alikufa nyuma ya tangi la maji, miguu imekakamaa kama ya meza iliyopinduliwa, siku mbili baada ya baraza la chifu. Shingoni alikuwa na mkanda mwekundu aliofungwa siku ya chanjo. Aliyetupa ile nyama hakuangalia mkanda. Sumu haijui kusoma.

Wacha nianze na hilo baraza, maana uamuzi ulitoka hapo. Naishi Laikipia, upande wa migunga na vumbi, mwaka wa tatu sasa tangu nitoke Nairobi na mbwa wawili wa kuokota. Walifika watano, kwa sababu watu wakishajua wewe ndiye yule mjinga anayepikia mbwa ugali na omena, wanakuachia vitoto getini ndani ya gunia. Siku hiyo shosho jirani yangu alikuwa amepoteza mbuzi saba usiku mmoja. Saba, bana. Hiyo ndiyo ilikuwa karo ya mjukuu wake. Alisimama mbele ya watu akalia, na hakuna aliyekuwa na la kumwambia. Kisha mheshimiwa mmoja, ambaye sidhani amewahi kuchunga hata kuku, akachukua nafasi: mbwa koko wamezidi, wamalizwe. Makofi. Ajenda ikafungwa, watu wakaenda chai.

Sikatai kwamba mbwa huua mbuzi. Mbwa wenye njaa wakiungana usiku ni genge. Lakini hakuna hata mtu mmoja aliyeuliza kama kweli walikuwa mbwa. Fisi huponda mifupa na kuondoka na mapande. Mbwa mara nyingi hurarua miguu ya nyuma, wakaua wengi na kuacha nyama imelala hapo. Mwenye macho yaliyozoea angeangalia mizoga na nyayo akakupa jibu la maana. Mizoga ilichomwa asubuhi hiyo hiyo.

Sasa fikiria kwa nini. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inatambua fidia kwa mifugo iliyouawa na wanyamapori. Ukitamka neno "fisi", kuna fomu ya kujazwa, afisa wa kufika, kamati ya kaunti ya kukaa, na pesa za serikali ambazo watu huku husubiri mpaka wanazeeka. Ukitamka "mbwa", hakuna deni. Mbwa koko hana mwenyewe, hana wakili, hana kura. Kwa hivyo shosho alipoteza mbuzi, akapoteza na nafasi ya kudai, halafu akaambiwa kiongozi amemsaidia.

Wanaotetea sumu wana hoja moja nzito, na lazima ijibiwe: kichaa cha mbwa. Huo si ugonjwa wa mchezo. Dalili zikishaanza kwa mtu, karibu kila mara ni mazishi, na wanaoumwa sana ni watoto. (Ukiumwa, osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo, si kesho.) Lakini ni kwa sababu ya hao watoto ndiyo nimekasirika. Tangu 2014 Kenya ina mpango wa kumaliza vifo vya ugonjwa huu kufikia 2030, na nguzo yake ni sindano: chanja angalau asilimia 70 ya mbwa, mwaka baada ya mwaka, na virusi vinakosa pa kwenda. Ukiua mbwa, takataka zao zinabaki na mitaro yao inabaki. Wengine wanahamia, wanazaa, na hao wapya hakuna hata mmoja aliyechanjwa. Kisiwa cha Bali kilijaribu kuua mbwa ugonjwa ulipoingia 2008. Haukuisha. Ulianza kupungua walipogeukia chanjo ya mbwa wengi kwa pamoja. Karanga alikuwa kwenye ile 70. Yeye na wengine wenye mikanda ndio walikuwa ukuta wa kijiji, na kijiji kikaubomoa chenyewe kwa nyama ya elfu mbili.

Halafu sumu haibaki pale ulipoiweka. Wiki hiyo tulikuta tumbusi wawili chini karibu na lugga, mabawa yametandazwa. Tumbusi ndiye hufanya kazi ya kaunti bila mshahara: hula mizoga kabla haijaoza na kuleta magonjwa. Wanapungua nchi nzima, na nyama ya sumu ni sababu kubwa. Hilo halikuwa kwenye ajenda.

Na kabla marafiki zangu wa wanyamapori hawajaanza kupiga makofi, nao wana lao. Kuna wanaosema ondoeni mbwa wote, wanaambukiza wanyama wa porini. Hofu yao ni ya kweli. Mwaka 1994 distempa iliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti, na watafiti waliihusisha na mbwa wa vijijini. Hapa kwetu Laikipia, mwaka 2017, ugonjwa huo huo nusura uwafute mbwa mwitu, wale wa madoadoa na masikio ya mviringo ambao watu hulipa madola kuwaona. Lakini mfugaji bila mbwa atalindaje boma? Mbwa akibweka, chui anageuka na mchungaji anaamka. Bila hicho kibweko anayefuata kufa ni mbuzi, na baada ya mbuzi ni chui, kwa sumu ile ile. Mwezi mmoja baada ya mbwa kumalizwa, fisi waliingia kwa shosho wakachukua wawili. Safari hii kila mtu alisikia kicheko chao. Hapakuwa na mbwa wa kumwamsha.

Sasa nyinyi wa Nairobi, msijifiche. Unanunua kitoto cha German Shepherd kwa sababu kinapendeza kwa picha. Miezi minane baadaye kinakula kuliko wewe, landilodi analalamika, unasema "nitampeleka ushago". Ushago si jalala lako. Anafika bila chanjo yoyote, anafungwa kamba wiki moja, kisha anaachiliwa ajitafutie. Huyo ndiye mbwa koko wa baraza. Nami sijitoi: wale wawili nilikuja nao wakiwa wamechanjwa kichaa tu. Kuhusu distempa nilisoma baadaye, usiku, nikitokwa jasho, nikijua mbwa mwitu hunywa maji kwenye bwawa lile lile. Nilikuwa na bahati, na bahati si mpango.

Pesa ya chanjo ipo. Kumchanja mbwa ni rahisi mno kuliko kumdunga sindano zote mtu aliyeumwa. Kinachokosekana ni mtu wa kuidai kwenye bajeti ya kaunti kwa sauti kubwa kama ile iliyodai sumu.

Baraza lijalo ni Alhamisi. Nimebeba vyeti vya chanjo vya wanne waliobaki, na picha za nyayo za fisi kutoka kwa boma la shosho, nikiweka kiberiti kando ya kila unyayo ili ukubwa uonekane. Fomu ya fidia nimemjazia. Shosho ameniambia, "Mjukuu, wewe usiongee sana, una Kiswahili cha mjini. Nitaongea mimi."