Rusizi: Matairi yasiyoogopa pancha na ugumu wa kuyabadilisha mbali na karakana

Kitabu cha gari hutoa ahadi fupi: tairi likipoteza upepo wote, dereva anaweza kuendelea na safari kwa takriban kilomita 80, mradi mwendo wake usizidi kilomita 80 kwa saa. Kwa mkazi wa Munich au Brussels ahadi hiyo inatosha, kwa sababu ndani ya umbali huo atapita karakana nyingi zenye mashine na akiba ya matairi. Kwa mwenye gari wa Gashonga, katika wilaya ya Rusizi kusini-magharibi mwa Rwanda, kilomita hizo hizo zikielekezwa upande wa Kigali zinaishia ndani ya msitu wa Nyungwe.

Hapo ndipo ulipo ugumu wa matairi ambayo madereva huyaita ranflati, yaani matairi yanayoweza kulibeba gari hata baada ya upepo kuisha. Yalibuniwa ili mtu asikwame njiani. Lakini yanapofika mwisho wa uhai wake, au yanapochanwa na jiwe lenye ncha katika njia ya udongo, kuyabadilisha kunahitaji vitu vitatu ambavyo ni nadra kukutana mahali pamoja nje ya miji mikubwa: tairi jipya la kipimo kile kile, mashine yenye nguvu ya kulivua na kulivisha, na fundi aliyeizoea kazi hiyo.

Tofauti yote iko ubavuni. Tairi la kawaida hubebwa na hewa iliyomo ndani yake. Hewa ikitoka, rimu hushuka na kuukanyaga mpira. Tairi la ranflati limepewa ubavu mnene, ulioimarishwa kwa mpira mgumu unaostahimili joto, hivyo gari huendelea kusimama juu ya ubavu huo. Kwa kuwa tairi la namna hiyo likiishiwa upepo halionekani waziwazi kuwa limelala, gari huwekewa sensa zinazowasha taa ya onyo kwenye dashibodi. BMW ndiyo kampuni iliyoyaeneza zaidi tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, yakifungwa kiwandani katika magari yake mengi na katika Mini, na Mercedes-Benz nayo huyafunga katika baadhi ya magari yake.

Kiwanda kilipata faida yake mapema. Tairi la akiba, jeki na spana viliondolewa, uzito ukapungua na buti likapata nafasi. Gari hilo linapouzwa mara ya pili au ya tatu, faida hiyo huwa imekwisha kutumiwa na wengine, na mnunuzi wa mwisho hurithi buti ambalo halina hata shimo la kuwekea tairi la akiba.

Rwanda iko katika hali ya pekee kidogo kati ya majirani zake wa mashariki. Magari hapa huendeshwa upande wa kulia wa barabara, usukani ukiwa kushoto, kwa hiyo wimbi la magari yaliyotumika kutoka Japani, ambalo limeijaza Tanzania, Kenya na Uganda, halifai hapa kirahisi. Wafanyabiashara hutazama zaidi Ulaya, Ghuba na masoko mengine yenye usukani wa kushoto. Toyota bado ndilo gari linaloonekana zaidi barabarani, lakini anayenunua gari la Kijerumani lililotumika ana uwezekano mkubwa wa kununua pamoja nalo ranflati nne, pengine bila kuambiwa neno.

Kazi isiyokubali vyuma viwili

Kibanda cha fundi wa matairi kijijini kina vyuma viwili bapa, nyundo, pampu na beseni la maji la kutafutia tundu. Kwa tairi la Corolla au la pikipiki vifaa hivyo vinatosha kabisa, na ustadi wa mafundi hao si wa kudharauliwa. Ndio wanaoendesha uchumi wa barabara za vijijini. Ranflati ni kazi ya aina nyingine. Ubavu wake haukunjiki, ukingo wake umeing'ang'ania rimu, na rimu yenyewe mara nyingi imetengenezwa na nundu ya ziada inayozuia tairi lisichomoke likiwa halina upepo. Nundu hiyo inayomlinda dereva barabarani ndiyo inayomtoa jasho fundi kibandani. Akilazimisha kwa chuma, ukingo wa tairi huchanika, au rimu ya aluminiamu hupata ufa, au sensa iliyofungwa kwenye valvu huvunjika. Mteja aliyekuja na hasara moja huondoka na mbili.

Mashine inayofaa ni ile yenye mkono wa ziada wa kuukandamiza ubavu wakati tairi linapozungushwa. Ni mashine ya umeme, ina bei yake, na mwenye kibanda anayehudumia zaidi pikipiki na magari madogo ya Toyota hana sababu ya kibiashara ya kuinunua kwa ajili ya wateja wachache kwa mwaka.

Kuna tatizo jingine lisiloonekana. Tairi la kawaida lililotobolewa na msumari huzibwa kwa kipande cha mpira na safari ikaendelea. Ranflati iliyotobolewa katikati ya uso wake inaweza kuzibwa pia, ikiwa dereva alisimama mapema. Ikiwa imekwisha kutembea bila upepo, watengenezaji wengi hushauri itupwe, kwa sababu joto na uzito huuponda mpira wa ubavu kutoka ndani. Kwa nje tairi laweza kuonekana zima kabisa. Likivuliwa, ndani huonekana unga mweusi wa mpira uliosagika. Kuwekea tyubu tairi lililofikia hali hiyo ni kuficha udhaifu wa ubavu.

Jambo hilo linapaswa kuwashtua wanaonunua matairi yaliyotumika. Katika tairi la kawaida mnunuzi hutazama kina cha meno na namba nne za ubavuni, mbili za kwanza zikionyesha wiki na mbili za mwisho mwaka wa kutengenezwa. 2319, kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Katika ranflati iliyotumika, ukaguzi huo hausemi lililo muhimu kuliko yote: je, liliwahi kubeba gari bila upepo? Muuzaji mwenyewe huenda hajui. Tairi lililotolewa kwenye gari huko Ulaya laweza kuwa liliondolewa kwa sababu hiyo hiyo.

Majirani wawili, milango miwili

Zamani mkazi wa Rusizi aliyekosa kifaa Kamembe hakulazimika kufikiria Kigali kwanza. Bukavu iko ng'ambo ya mto, na kutoka uwanda wa Bugarama, Bujumbura iko karibu kuliko Kigali. Hesabu hiyo imeharibika. Burundi ilifunga mipaka yake ya nchi kavu na Rwanda mwezi Januari 2024. Bukavu iliingia mikononi mwa kundi la AFC/M23 mwezi Februari 2025, benki za mji huo zikafunga milango mwaka huo, na biashara ya vitu vya bei kubwa ikawa ngumu zaidi kuliko ilivyokuwa.

Imebaki Kigali, zaidi ya kilomita 200 kwa barabara inayopita Huye na Nyungwe. Kati ya Kamembe na Huye pekee ni zaidi ya kilomita 100, na sehemu kubwa ya katikati ni msitu, ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2023. Ni barabara nzuri ya lami yenye kona nyingi, na si mahali pa kutafuta fundi wa matairi. Tairi lenyewe laweza kuagizwa na kupakiwa kwenye basi kama mzigo mwingine. Lakini likishuka Kamembe swali la mashine linabaki pale pale, na kama kipimo hicho hakipo Kigali, agizo huenda nje ya nchi na mzigo hupitia bandari ya Dar es Salaam au Mombasa.

Ahadi ya kilomita 80 nayo ina masharti ambayo watu wachache huyasoma. Vitabu vya baadhi ya magari ya BMW vya miaka ya nyuma viliyaeleza kwa uwazi: gari lenye mzigo mwepesi lingeweza kwenda kilomita 250 bila upepo, lenye mzigo wa wastani kilomita 150, na lililojaa kilomita 50 tu. Mwendo si shida kubwa kwa dereva wa Rwanda, ambaye kamera za barabarani zimemzoesha upole. Mzigo ndio shida. Gari la familia vijijini halisafiri na mtu mmoja na mkoba wake. Hubeba watu watano, ndizi, na wakati wa mavuno magunia ya kahawa, zao ambalo Gashonga ina historia nalo ndefu, kwani aina ya kahawa iitwayo Mibirizi ilipata jina lake kutokana na misheni ya huko. Ukiongeza vilima na mashimo, kilomita 50 huwa ni makadirio ya ukarimu.

Kisha kuna hesabu ya fedha. Haishauriwi kufunga ranflati upande mmoja na tairi la kawaida upande wa pili wa ekseli ile ile, kwa kuwa gari litaitikia breki na kona kwa namna mbili tofauti. Kwa hiyo pancha moja inaweza kudai matairi mawili. Katika baadhi ya magari matairi ya nyuma ni mapana kuliko ya mbele, hivyo haiwezekani hata kuhamisha la nyuma kwenda mbele ili kuvuta siku.

Wenye uwezo pia walishindwa

Ingekuwa kosa kudhani kwamba shida hii ni ya Rusizi peke yake. Honda iliwahi kuuza Marekani gari la familia aina ya Odyssey, toleo la mwaka 2005, likiwa na mfumo wa Michelin ulioitwa PAX. Mfumo huo ulikuwa na pete ngumu ndani ya tairi na rimu ya aina yake. Wamiliki waligundua kwamba karakana zenye mashine ya kuubadilisha ni chache na gharama ni kubwa, na shauri likafika mahakamani kwa kesi ya pamoja. Miaka michache baadaye Michelin iliacha kuuendeleza mfumo huo kwa magari mapya. Ikiwa nchi yenye karakana kila kona ilishindwa kuuhudumia, ni vigumu kuona jinsi mtandao wa vibanda vya vijijini ungebebeshwa mzigo wa namna hiyo.

Njia ambayo wamiliki wengi duniani huifuata ni kuziacha ranflati zikaisha, kisha kufunga matairi manne ya kawaida ya kipimo kile kile, yenye uwezo ule ule wa uzito na mwendo. Rimu huyapokea bila tatizo, sensa huendelea kufanya kazi, na safari huwa laini zaidi. Bei kwa kawaida hupungua na fundi wa kibandani huweza kuyahudumia. Linalohitaji kukumbukwa ni kwamba siku hiyo gari linapoteza kinga yake. Dereva anayefanya badiliko hilo bila kununua tairi la akiba, jeki na spana amejiweka pabaya kuliko alivyokuwa. Tairi hilo litakaa wazi ndani ya buti na kula nafasi ya mizigo, na ni lazima lifungwe lisirukeruke. Dawa ya kumiminwa ndani ya tairi pamoja na pampu ndogo ya umeme wa gari husaidia kwa tundu dogo la msumari, lakini haizibi ubavu uliochanwa.

Wapo wanaotetea ranflati, na hoja yao ina uzito. Mwanamke anayeendesha peke yake usiku, au anayemkimbiza mgonjwa katika hospitali ya Mibilizi iliyomo humo humo Gashonga, hufika bila kushuka garini gizani kufungua nati. Kwa umbali mfupi kama huo tairi hilo linatimiza kila lililoahidi. Taabu huanza kesho yake asubuhi, gari likiwa limesimama nje ya hospitali na tairi lisilofaa tena.

Suala hili halitaondoka na BMW za zamani. Tangu mwaka 2021 serikali ya Rwanda imetoa nafuu za kodi kuvutia magari ya umeme, na mengi ya magari hayo hutoka kiwandani bila tairi la akiba, yakiwa na pampu na chupa ya dawa tu. Uzito wa betri huyafanya matairi yake kuisha upesi na hudai matairi yenye uwezo mkubwa wa kubeba. Kuelekea Kigali, mwenye gari hilo pia atalazimika kuuvuka Nyungwe.

Kwa sasa anayechukua hatari yote ni mnunuzi, ilhali anayejua zaidi ni muuzaji. Lingekuwa jambo la haki kwa wauzaji wa magari yaliyotumika kulazimika kutaja kwenye karatasi ya mauzo kama gari lina ranflati na kama lina tairi la akiba, kama wanavyotaja mwaka na kilomita. Hadi hapo, ukaguzi wa dakika mbili unasaidia. Ubavuni mwa tairi hutafutwa herufi RFT, ROF, SSR au ZP, kutegemea kampuni, au neno lenyewe la Kiingereza likiwa limeandikwa kwa ukamilifu. Kisha hufunguliwa buti na kuinuliwa zulia lake. Kama chini yake hakuna tairi, jeki wala spana, bei ya gari inapaswa kujadiliwa upya, gharama ya vitu hivyo vitatu ikiwa imejumuishwa.