Pumzi ya Mgonjwa Si Siri ya Serikali

Ndugu wapenda mageuzi, kifungu cha 2A cha Katiba ya zamani kilipofutwa Desemba 1991, hatukuwa tumepigania wingi wa vyama peke yake. Tulipigania mwananchi aambiwe ukweli na wale anaowalipa mshahara. Je, anaambiwa?

Juni 2021 kampuni ya Philips ya Uholanzi ilitangaza kurudishwa kwa mamilioni ya mashine za kusaidia kupumua, kwa kuwa sifongo iliyotiwa ndani ili kupunguza kelele iliweza kumomonyoka na chembe zake kuvutwa mapafuni. Huko Marekani wagonjwa walishtaki, na Aprili 2024 kampuni ikakubali kulipa dola bilioni 1.1, bila kukiri kosa.

Mama wa Rongo au mvuvi wa Mbita, ambaye mwanawe anapumua kwa mashine, angeambiwa na nani? Hatusemi kwamba mashine hizo zimo Migori au Homa Bay. Twasema neno zito zaidi: hatujaona daftari lililo wazi ambalo mwananchi angelitazama ajue kama zimo au hazimo. Pasipo daftari la nambari za mashine, tangazo la kuzirudisha ni barua isiyo na anwani.

Mwaka 2015 serikali kuu ilikodi vifaa vya hospitali kwa niaba ya kaunti, na magavana wakalalamika kwamba hawakuonyeshwa mikataba. Ikiwa gavana alifichwa, mgonjwa atafunuliwa nini?

Wako watakaosema kwamba kutangaza kasoro kutatia watu hofu. Tunawajibu: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Sheria iko upande wetu. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora, ya kupewa habari, na ya kulipwa fidia akidhurika. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaamuru habari inayohusu uhai wa mtu itolewe katika saa 48, na ombi laweza kuandikwa kwa Kiswahili.

Basi kila parokia na kila kikundi kiiandikie hospitali ya kaunti yake, kiulize: mashine za kupumulia ni zipi, nani huzikagua, na lini zilikaguliwa mara ya mwisho? Majibu yasomwe kanisani Jumapili, kwa Kiswahili na kwa Dholuo. Wakinyamaza, tukutane mahakamani.